Mama amekataliwa beji ya maegesho, na asubuhi bado analipa nauli ya basi: nianzie wapi?

Mlezi wa Mama

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu hamjambo. Naomba msaada wa mawazo kuhusu mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 74, ambaye ninaishi naye hapa Uingereza, katika mji mmoja wa katikati ya nchi ambao sitautaja kwa sababu shauri lenyewe bado halijaisha.

Mama ana baridi yabisi katika magoti yote mawili, na tangu mwaka jana pumzi nazo humkatika. Kliniki anayohudhuria haiko mbali na mahali tunapoegesha gari, lakini kwake yeye hiyo ni safari. Wiki iliyopita nilimtazama kwa makini tangu aliposhuka garini. Alifika kwenye mashine ya kulipia maegesho akaishika kwa mkono, akasimama kana kwamba anasoma maandishi yake, ilhali mama hasomi Kiingereza. Akasogea hadi kwenye kitalu cha maua, akayainamia kama anayanusa. Kisha akakaa kwenye ukuta mfupi ulio karibu na mlango, akaanza kunieleza habari za harusi ya mpwa wangu, maneno matatu matatu, kwa kuwa pumzi hazikumruhusu zaidi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba vituo vyote vile vilikuwa vya kupumzika, na kwamba amekuwa akinificha kwa muda mrefu.

Nilimwombea kile kitambulisho cha maegesho kiitwacho Blue Badge, ambacho hapa nitakiita beji ya buluu. Nilijaza fomu kwenye tovuti ya serikali, nikaambatisha barua inayoonyesha kwamba mama anapokea posho ya Attendance Allowance, nikidhani barua hiyo inatosha. Penye swali la kutembea niliandika kwamba anatembea polepole kwa msaada wa bakora. Baada ya wiki tisa halmashauri imenijibu kwamba hakutimiza vigezo.

Jambo la pili ni basi. Mama anayo pasi ya wazee, lakini miadi yake mingi ni ya saa tatu kamili asubuhi, nasi siku ambazo sina gari hupanda basi la saa mbili na dakika ishirini. Kila mara dereva hutuambia kwamba pasi haianzi kazi hadi saa tatu na nusu, na mama hulipa nauli kamili. Je, kuna namna ya kuibadilisha?

La tatu naona haya kuliuliza. Jirani yetu, bibi mwema sana, amenipa beji ya buluu ya marehemu mume wake, ambayo muda wake bado haujaisha, akaniambia niitumie kumpeleka mama kliniki hadi yake itakapopatikana. Sijaitumia, nimeiweka kwenye droo. Nitakuwa nimekosea nikiitumia, na nikimrudishia nimwambie nini ili asione nimeudharau wema wake?

Msaidizi wa Fomu

Dada, pole kwa kuuguza. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kuwajazia Waswahili wenzetu fomu za namna hii, na kosa ulilolifanya ndilo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo usijilaumu.

Beji ya buluu ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa wale wanaostahili moja kwa moja, ambao halmashauri ikishaona ushahidi wao haina haja ya kuwapima tena. Humo wamo waliosajiliwa kuwa vipofu, wanaopokea kiwango cha juu cha sehemu ya mwendo katika posho ya ulemavu iitwayo DLA, waliopata pointi 8 au zaidi katika kipengele cha kutembea cha posho nyingine ya ulemavu iitwayo PIP, na waliopata pointi 10 katika kipengele cha kupanga na kufuata safari kwa sababu kutoka nje huwaletea dhiki kubwa ya akili, pamoja na baadhi ya waliojeruhiwa jeshini. Attendance Allowance haimo. Posho hiyo hutazama mahitaji ya mtu ya kusaidiwa na kuangaliwa, kama vile kuoga, kuvaa na kula, na haina sehemu yoyote inayohusu mwendo. Hapo ndipo wazee wetu wanapokwama, kwa sababu PIP haiombwi kwa mara ya kwanza na mtu aliyekwisha kufikia umri wa pensheni ya serikali. Aliyeugua magoti kabla ya umri huo na akawahi kuomba anaweza kuendelea kuipokea na kuingia kwa mlango wa kwanza. Aliyeugua baadaye, kama mama yako, hana budi kupita mlango wa pili. Mimi naona jambo hili si la haki, maana magoti ni yale yale na maumivu ni yale yale.

Katika mlango wa pili halmashauri yenyewe huamua kama mtu ana ulemavu wa kudumu unaomfanya asiweze kutembea au atembee kwa taabu kubwa mno. Mwongozo ambao Wizara ya Uchukuzi huzipa halmashauri unawataka maafisa watazame umbali, kasi, muda ambao mtu anaweza kuendelea kutembea, namna anavyotembea, vifaa anavyovitumia, maumivu, na kukatika kwa pumzi. Anayeshindwa kufika mita 30 huhesabiwa kuwa na taabu kubwa mno. Anayevuka mita 80 bila taabu nyingine hukataliwa. Kati ya hapo ndipo maelezo yanapoamua, na ndipo hasa alipo mama yako kwa jinsi ulivyosimulia.

Sasa itazame tena sentensi yako. "Anatembea polepole kwa msaada wa bakora" ni kweli tupu, lakini haimpi afisa kitu chochote cha kupima, na tena haitaji pumzi kabisa. Yale uliyotuandikia hapa kuhusu mashine, maua na ukuta ndiyo yaliyopaswa kuwa kwenye fomu. Rudi naye siku ya miadi, upime umbali kwa hatua zako mwenyewe na muda kwa simu, kisha uandike kwa mfano hivi: kutoka garini hadi mlangoni ni mita 60, alisimama mara tatu, maumivu ya goti la kushoto yalianza kabla ya kituo cha kwanza, njia nzima ilichukua dakika saba, alipofika hakuweza kumaliza sentensi, akakaa dakika kumi ndipo pumzi zikarudi, usiku ule alihitaji dawa ya maumivu ili alale. Weka takwimu zake mwenyewe, si hizi zangu. Usiongeze hata mita moja, maana maelezo ya kweli yaliyopimwa yana nguvu kuliko malalamiko makubwa, na kutoa taarifa za uongo ni kosa.

Ushahidi wa hospitali uambatishe wote unaohusu mwendo na pumzi: barua za kliniki, orodha ya dawa, ripoti ya mtaalamu wa viungo kama ipo. Barua ya daktari inayosema tu kwamba mgonjwa anastahili beji haisaidii sana, kwa sababu kuamua si kazi yake. Inayoeleza alichokiona ndiyo inayosaidia.

Kuhusu kukataliwa, halmashauri inapaswa kukueleza sababu. Kama barua yao ni ya sentensi mbili, waandikie uombe maelezo kamili, na papo hapo uwaombe wapitie upya uamuzi wao kwa kuwa kuna taarifa ambazo hawakuzipata. Hakuna baraza maalumu la rufaa kwa beji hizi, kama lilivyopo kwa posho. Ukimaliza ngazi za malalamiko za halmashauri na bado unaona hawakufuata utaratibu, unaweza kumwandikia Ombudsman, yaani mchunguzi huru wa malalamiko, wa serikali za mitaa na huduma za jamii, ila fahamu kwamba yeye huchunguza jinsi uamuzi ulivyofanywa, hatoi beji. Wakikuita kwa upimaji wa ana kwa ana, msikose kwenda. Mara nyingi mpimaji huwa mtaalamu wa tiba ya viungo, na hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko karatasi yoyote.

Neno moja la pesa: katika Uingereza hii ya kwetu, yaani England, ada ya beji haizidi pauni 10, wakati Scotland haizidi pauni 20 na Wales ni bure. Zipo tovuti za watu binafsi zinazojifanya za serikali na kutoza zaidi kwa kupeleka fomu ile ile. Pita tovuti ya serikali, GOV.UK, au ofisi ya halmashauri yenyewe.

Bibi wa Kaskazini

Marahaba mwanangu. Mimi nina miaka 71 na beji ninayo sasa, lakini mara ya kwanza nilikataliwa, na kilichoniponza ni ulimi wangu mwenyewe.

Mpimaji alikuwa binti mpole sana. Alinipokea akaniuliza hali, nikamjibu kama nilivyolelewa: sijambo, namshukuru Mungu. Akaniuliza kama naenda dukani mwenyewe, nikamwambia naenda. Sikusema uongo, maana dukani nilikuwa nafika. Ila sikumwambia kwamba njiani kuna kituo cha basi ninachokaa kila mara bila kungoja basi lolote, wala kwamba nikirudi nyumbani silishiki sufuria hadi magharibi. Siku ile nilivaa viatu vyangu vya Idi. Bakora niliiacha garini, kwani niliona haya kuingia ofisini kwa watu nikiwa kama mgonjwa. Binti yule aliandika alichokisikia na alichokiona. Simlaumu.

Msaidizi amekueleza fomu vizuri, lakini fomu inaandikwa na wewe, na siku ya kupimwa atakayezungumza ni mama. Kwetu sisi "sijambo" ni salamu. Hata aliyelazwa kitandani huitikia sijambo kwanza, kisha mgeni akishakaa na kutulia ndipo mgonjwa huongeza "ila". Mgeni wa Kiswahili anaingoja ile "ila" na anajua kwamba ndani yake ndimo yalimo maneno. Mpimaji wa hapa haingoji, kwa sababu hajui kwamba inakuja. Ameshaandika sijambo na amekwenda kwenye swali la pili.

Kwa hiyo kaa na mama jioni moja, umwambie kwa heshima kwamba yule mtu haulizi hali kwa ajili ya adabu, anauliza kwa ajili ya kazi, na kwamba kumweleza maumivu si kulalamika mbele ya Mungu. Mimi nilipoambiwa hivyo na dada yangu ndipo moyo uliponikubalia. Mwambie aanze na ile "ila". Wala asiulizwe kuhusu siku njema tu. Aeleze pia siku mbaya ziko ngapi katika wiki na huwa anafanya nini siku hizo. Simshauri aongeze, namshauri asipunguze.

Na jambo la mkalimani msilipuuze. Mara ya kwanza nilitafsiriwa na mjukuu wangu wa miaka kumi na minne. Nilipokuwa nikieleza habari za kushindwa kufika msalani usiku, mtoto alinyamaza, akasema tu kwamba bibi huchoka. Alinistahi, Mungu ambariki, lakini stara yake ilinikosesha beji. Mkipewa tarehe, waombeni mapema mkalimani wa Kiswahili, au aende mtu mzima ambaye mama hatamwonea haya.

Dereva wa Baba

Bibi, shikamoo. Maneno yako nimeyasoma kwa sauti nyumbani, na baba yangu ameitikia kwa kichwa.

Nijibu swali la beji ya jirani, kwa sababu jibu lake ni fupi na halina mlango wa nyuma: usiitumie hata mara moja. Beji ni ya mtu, si ya gari wala ya familia. Mwenyewe akifariki inapaswa kurudishwa kwa halmashauri iliyoitoa. Wakaguzi wa maegesho wana mamlaka ya kuikagua, na tangu sheria ya mwaka 2013 wanaweza kuichukua papo hapo wakiona inatumiwa na asiyehusika. Anayepatikana na hatia ya kuitumia vibaya anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Na kwa nyinyi kuna hasara nyingine: unaomba halmashauri imwamini mama yako, na jina lako liwe limeshaandikwa katika ofisi ile ile kwa kutumia beji ya marehemu. Jirani mwambie ukweli kwa upole, kwamba beji hiyo inapaswa kurejeshwa na kwamba wewe uko tayari kumsaidia kuirejesha. Huenda hakujua. Wengi wanaofiwa hawajui, na hakuna anayekumbuka droo ya gari katika siku za msiba.

Kwa kuwa uzuri wa beji ya mtu ni kwamba humfuata mtu, mama akiipata ataweza kuitumia katika gari lako, la shangazi, hata katika teksi, mradi yeye mwenyewe yumo safarini. Ukienda kumnunulia dawa naye yuko nyumbani, huna haki nayo. Hata akiwa amebaki garini huku wewe ukiingia dukani kwa niaba yake, mwongozo unashauri msiegeshe kwa beji.

Mengine nimejifunza kwa kupigwa faini. Katika Uingereza na Wales beji hukuruhusu kuegesha kwenye mstari mmoja au miwili ya manjano kwa saa tatu zisizozidi, mradi hapana katazo la kupakia na kupakua mizigo. Katazo hilo usilitafute kwenye kibao pekee. Tazama ukingo wa njia ya miguu: ukiona vijistari vifupi vya manjano vilivyochorwa juu ya jiwe la ukingo, ondoka. Mimi nilisoma barabara nikasahau jiwe. Siku nyingine nilikuta karatasi ya faini kwa sababu niliiweka beji kifudifudi, upande wa picha ya baba ukitazama juu, nikidhani wanataka kuona sura. Upande unaotakiwa kuonekana ni ule wenye alama ya kiti cha magurudumu na tarehe ya mwisho. Pamoja nayo hutolewa saa ya karatasi ya buluu, ambayo mshale wake unauelekeza kwenye wakati mliofika. Kwenye mistari ya manjano lazima ionekane. Mkishaondoka, msirudi kuegesha barabara ile ile hadi ipite saa nzima.

Maegesho ya maduka makubwa na ya watu binafsi yako nje ya mpango huu, kwa hiyo soma kibao chao, hata kama wametenga nafasi zenye alama ya kiti cha magurudumu. Hospitali nyingi za umma, yaani za NHS, haziwatozi wenye beji, lakini baadhi yake hutaka namba ya gari isajiliwe kwanza kwenye dawati la mapokezi. Ukiwa London, maeneo ya katikati kama City of London, Westminster, Kensington na Chelsea na sehemu ya Camden yana kanuni zake yenyewe, na mistari ya manjano ya huko usiiguse kabla hujazisoma.

Niongeze habari ya baba, kwa faida ya wasomaji wengine. Yeye anatembea vizuri kuliko mimi. Ana dimensia, na shida yake ni kwamba mlango wa gari ukifunguliwa anaweza kuelekea katikati ya barabara huku akidhani anamkimbilia mtu anayemfahamu. Zamani nisingethubutu kumwombea. Tangu tarehe 30 Agosti 2019 kanuni za Uingereza zinawatambua pia wenye ulemavu usioonekana kwa macho, wakiwemo wale ambao safari kati ya gari na mlango ni hatari kwao au kwa wengine. Tulieleza mikasa mitatu kwa tarehe zake, ikakubaliwa.

Abiria wa Kila Siku

Naona basi limesahauliwa, nami ndilo ninalolijua.

Pasi ya mama yako inatokana na mpango wa taifa ulioanza tarehe 1 Aprili 2008, ambao humruhusu mwenye pasi kusafiri bure katika mabasi ya kawaida popote Uingereza, ingawa anayeitoa ni halmashauri ya mahali anapoishi. Sheria inazilazimisha halmashauri kutoa safari za bure kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku siku za kazi, na kutwa nzima Jumamosi, Jumapili na sikukuu za umma. Dereva wenu hakukosea. Ila hicho ni kiwango cha chini, na halmashauri yoyote inaweza kuongeza kwa fedha zake. Wapo wanaoanza mapema, na wapo wanaowaruhusu wenye pasi ya walemavu kusafiri saa zote.

Hapo ndipo nataka utazame. Wengi hawajui kwamba pasi ziko mbili. Moja ni ya umri, na umri wenyewe ni ule wa pensheni ya serikali, uliokuwa miaka 66 na ambao kati ya mwaka 2026 na 2028 unapandishwa hadi 67. Wenzetu wa Wales, Scotland na Ireland Kaskazini hupewa wakiwa na miaka 60. Ya pili ni ya ulemavu, haina sharti la uzee, na miongoni mwa wanaostahili ni mtu ambaye ulemavu au jeraha lake linaathiri sana na kwa muda mrefu uwezo wake wa kutembea. Mwingine ni asiyeona au mwenye uoni hafifu, kiziwi, asiyeweza kusema, asiyeweza kuitumia mikono yote miwili, mwenye ulemavu wa kujifunza, na ambaye angenyimwa leseni ya udereva kwa sababu ya afya. Mtu akishakuwa mzee hupewa ile ya umri kwa kuwa ni rahisi kuthibitisha, na hakuna anayemwambia kwamba ya pili huenda ingemfaa zaidi. Uliza maswali mawili tu: je, katika eneo lenu pasi ya ulemavu inafanya kazi kabla ya saa tatu na nusu, na je, wanatoa pasi yenye ruhusa ya msindikizaji, ili nawe usilipe unapompeleka? Ya msindikizaji ni hiari ya halmashauri, kwa hiyo jibu linaweza kuwa hapana.

London ina utaratibu wake, Freedom Pass, unaogharimiwa na halmashauri za jiji. Sitauelezea sana kwa sababu hauwahusu, ila ni mfano mzuri wa ninachokisema: katika mabasi na treni za chini ya ardhi, mwenye pasi ya umri huanza saa tatu asubuhi siku za kazi, na mwenye pasi ya ulemavu husafiri saa yoyote.

Kwa treni kuna kadi ya punguzo la walemavu, ambayo hupunguza theluthi moja ya nauli kwa mwenyewe na kwa mtu mzima mmoja anayefuatana naye. Hii haitoki kwa halmashauri, na safari hii ile barua ya Attendance Allowance inatosha kabisa. Na kama kliniki hiyo iko chini ya hospitali, waulizeni kuhusu gari la kuwachukua wagonjwa wasio wa dharura.

Msaidizi wa Fomu

Naongeza jambo moja kwa sababu nimeulizwa kwa faragha. Wenye viza iliyoandikwa kwamba hawaruhusiwi kutumia fedha za umma huogopa hata kuomba pasi ya basi. Kanuni za uhamiaji zinazitaja fedha hizo kwa majina; Attendance Allowance na PIP zimo, beji ya buluu na pasi ya basi hazimo. Kinachotakiwa ni kuthibitisha ukazi katika eneo la halmashauri hiyo. Msiwaache wazee majumbani kwa hofu isiyo na msingi.

Mlezi wa Mama

Nimerudi baada ya wiki tano, na nawashukuru nyote, kila mtu kwa jina analojiitia hapa.

Beji ya marehemu tumeirejesha pamoja na jirani. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akasema alikuwa akiitunza kwa sababu ya ile picha. Tumempigia picha nakala kabla ya kuifunga kwenye bahasha.

Njia ya kliniki nimeipima: mita 55, vituo vinne, dakika nane. Nilipoyaandika maneno hayo kwenye barua ya kuomba uamuzi upitiwe upya niliona jinsi nilivyomfupisha mama katika fomu ya kwanza. Halmashauri imejibu kwamba atapimwa ana kwa ana Alhamisi ijayo, na mkalimani wamekubali kumleta. Kuhusu basi, wamesema pasi ya ulemavu katika eneo letu inafanya kazi saa zote, nasi tumeshapeleka maombi.

Nina swali moja la mwisho. Nje ya nyumba yetu hakuna nafasi, na jioni huegesha mtaa wa pili. Je, beji ikipatikana, halmashauri inaweza kumchorea mama nafasi yake mbele ya mlango?

Dereva wa Baba

Inaweza kuchora nafasi, lakini haitakuwa yake. Nafasi ya walemavu barabarani hutumiwa na mwenye beji yeyote, hata aliyetoka mji mwingine. Ulizeni pia ni ya aina gani, kwa sababu nyingine zinawekwa kwa amri rasmi ya barabara, na asiye na beji akiegesha hapo hutozwa faini, wakati nyingine ni mistari ya kuomba hisani tu na mkaguzi hawezi kumfanya mtu chochote. Ya kwetu ni ya hisani. Majirani wanaiheshimu, isipokuwa siku za mpira. Kila halmashauri ina masharti yake, na nyingi hutaka mwenye beji aishi hapo na nyumba isiwe na uwanja wa kuegeshea. Amri rasmi huchukua miezi mingi, kwa hiyo ombeni mara tu beji itakapotoka.

Bibi wa Kaskazini

Mwanangu, Alhamisi atavaa viatu gani?

Mlezi wa Mama

Bibi, alikuwa ameshavitoa vile vya harusini na kuvipiga rangi. Jana usiku nilimsomea ulichoandika kuhusu "ila", akacheka mpaka pumzi zikamkatika, tukasubiri zirudi. Asubuhi nimekuta viatu vya harusini vimerudishwa kabatini, na vile vya kila siku, vilivyolika upande wa kushoto, viko mlangoni pamoja na bakora.